Mita 60 za Capri Point: barua ya wazi kwa wenye dhamana ya ardhi na maji Mwanza

Mstahiki Meya, Ndugu Mkurugenzi wa Jiji, maofisa ardhi na mipango miji, na ninyi mliokabidhiwa maji ya Bonde la Ziwa Victoria,

Mwangaluka.

Najua swali la kwanza litakuwa mtu wa Igogo, mtaa wetu wa vilimani, ana shida gani na Capri Point, rasi ya wenye nacho inayoingia ziwani, kwa hiyo acha nijibu mapema. Capri Point ndiko nilikozaliwa. Si kwenye nyumba kubwa. Nilizaliwa kwenye banda la uani, vyumba viwili na jiko la mkaa mlangoni, kwa sababu baba yangu alikuwa mtunza bustani wa nyumba ya Serikali. Maofisa walikuja wakahama, baba akabaki na fyekeo lake. Nyuma ya nyumba bustani iliteremka mpaka majini bila ukuta wala seng'enge, na chini kabisa palikuwa na jiwe bapa, refu kama kitanda, ambalo mama alifulia. Wavuvi walipita kando yake wakirudi na nyavu begani, wakamsalimu, siku nyingine wakamwachia furu wa kukaanga. Watoto wa Igogo walikuja kuoga hapo mchana wa Jumamosi. Sote tulipata kichocho, wa nyumba kubwa na wa uani, bila ubaguzi.

Mwaka jana nilimchukua mjukuu wangu nikamwonyeshe jiwe la bibi yake. Tulifika kwenye geti la chuma. Mlinzi alikuwa kijana mwenye adabu kabisa, akanipa shikamoo, akaniambia, "Mzee, huku ni kwa watu." Nikamwuliza, na ziwa je? Akacheka. "Ziwa si unaliona kule, mzee?"

Jibu hilo ndilo limenifanya niandike, kuhusu zile mita 60 za ufukwe ambazo sheria inataka zisijengwe.

Wapo wanaoamini kwamba Capri Point ni mtaa wa wenye nacho kwa sababu wenye nacho walipapenda wakanunua. Sivyo ilivyokuwa. Mtaa ule ulipangwa uwe hivyo, na waliopanga walikuwa watawala. Wajerumani waliweka boma lao Mwanza mwanzoni mwa miaka ya 1890, wakajenga kwenye miinuko na mawe, na lile jiwe maarufu lililosimama majini wakalipa jina la kansela wao, Bismarck, ambaye hakuwahi kuliona. Waingereza waliuteka mji Julai 1916. Mwaka 1928 reli ikafika kutoka Tabora, pamba ya Usukuma ikapata njia, na mji ukahitaji maofisa wengi zaidi, nao maofisa wakahitaji pa kulala.

Hapo ndipo ramani tunayoijua ilipochorwa, na si Mwanza tu. Karibu kila mji wa Tanganyika ulikuwa na uzunguni, uhindini na uswahilini wake. Kanuni za ujenzi zilitaja aina ya jengo na ukubwa wa kiwanja, hazikutaja rangi ya ngozi. Hazikuwa na haja. Nyumba ya matofali kwenye kiwanja cha nusu eka ingejengwa na nani enzi hizo? Hoja iliyotolewa ilikuwa ya afya: mbu hapendi upepo, na Mzungu akae mbali na nyumba za wenyeji asije akaambukizwa malaria. Sasa itazame Capri Point kwenye ramani. Ni rasi inayoingia ziwani, upepo unaipiga pande tatu, na mji uko nyuma yake kwa umbali unaotosha kutosikia kelele. Kwa akili ile, pasingepatikana pa kufaa zaidi.

Baada ya Uhuru hatukuifuta ramani hiyo, tulibadilisha maneno yake. Uzunguni pakaitwa eneo la msongamano mdogo, uswahilini pakaitwa msongamano mkubwa. Ofisa wa Kizungu akafunga mizigo, ofisa wa Kiafrika akafungua yake, na mtunza bustani akabaki uani palepale. Siyasemi haya kwa uchungu. Baba aliwapenda baadhi yao, na mmoja ndiye aliyenilipia daftari za darasa la kwanza.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwakataza viongozi kupangisha nyumba. Mwaka 1971 majengo ya kupangisha yaliyozidi thamani ya shilingi 100,000 yakataifishwa. Kwa hiyo katika miaka ya utoto wangu, wengi niliowajua pale waliishi Capri Point kwa cheo. Ukistaafu au ukihamishwa, unakabidhi funguo. Bustani ile hakuna aliyeiita yake, na kwa sababu hiyo hakuna aliyeona sababu ya kuijengea ukuta. Nimeyafikiria haya mara nyingi: ufukwe ulikuwa wazi kwa sababu hakuna aliyeumiliki, wala si kwa wema wa mtu yeyote.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Serikali iliuza nyumba zake kwa watumishi, na ile ya baba ikauzwa pia. Aliyeuziwa akamuuzia mwingine, bustani ikakatwa vipande, upande wa juu likaota ghorofa, upande wa ziwani ukapanda ukuta. Baba alipewa mwezi mmoja wa kuondoa vyombo. Tukapanda kilima cha Igogo, ambako kiwanja unakipata juu ya jiwe na ngazi unaichonga mwenyewe.

Niseme pia uzuri wake, maana anayelalamikia mahali asipopajua uzuri wake hana haki ya kusikilizwa. Capri Point bado ni sehemu nzuri kuliko zote za mji huu. Barabara zake zinazunguka mawe badala ya kuyapasua. Asubuhi pimbi hutoka kuota jua juu ya miamba, na mijusi wenye vichwa vyekundu na mikia ya buluu, wale ambao wataalamu wamewapa jina la mji wetu, huinamisha vichwa kama wanaosalimu. Miembe ya zamani ipo. Nyumba za zamani chache zipo pia, zenye baraza pana na paa lililoshuka chini kuzuia jua la jioni, kwa sababu jioni jua lote la ghuba huingia mlangoni. Kuna kimya kule ambacho watoto wangu waliokulia Igogo hawawezi kulala nacho.

Kutoka kwenye rasi hiyo unakiona kisiwa cha Saanane. Watalii huambiwa kuhusu swala na tumbili. Mimi nataka mkumbuke jina lenyewe. Mzee Saanane Chawandi alikuwa mvuvi na mkulima aliyeishi kwenye kisiwa hicho. Mwaka 1964 alikiacha ili Serikali ianzishe pale bustani ya kwanza ya wanyama nchini. Mwaka 2013 kisiwa hicho, pamoja na maji yanayokizunguka, jumla kilomita za mraba 2.18, kikawa hifadhi ya taifa. Mvuvi mmoja alihama kisiwa kizima kwa ajili ya umma, na ng'ambo yake tu, kwenye rasi, tunashindwa kumwomba mtu arudishe ukuta nyuma hatua chache.

Sheria mnaijua kuliko mimi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa ziwa. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inarudia umbali huohuo. Mvuvi yeyote wa soko la samaki la Mwaloni Kirumba atakutajia "mita sitini" kama anavyotaja namba ya simu ya mkewe, kwa sababu mita hizo ndizo anazofukuzwa nazo anapojenga kibanda cha kuanikia dagaa.

Tatizo, ndugu zangu, ni zinaanzia wapi.

Ziwa hili halisimami. Wazee wanaikumbuka mvua ya Uhuru, iliyoanza mwaka 1961; hadi mwaka 1964 maji yalikuwa yamepanda zaidi ya mita 2. Kisha yakashuka pole pole kwa miaka. Mwaka 2006 yalishuka mno, kwa sababu ya ukame na kwa sababu maji mengi yalikuwa yameachiwa kwenye mabwawa ya umeme kule Jinja, Uganda. Wakati huo hapa Mwanza tuliona mawe ambayo hata baba hakuwahi kuyaona, na mitumbwi ikakaa kwenye tope. Halafu Mei 2020 kipimo cha maji ya ziwa pale Jinja kikasoma mita 13.42, sentimita moja juu ya rekodi ya mwaka 1964. Kati ya 2006 na 2020 kuna tofauti ya zaidi ya mita 2 na nusu kwenda juu. Kwenye mteremko mkali hilo ni jambo dogo. Kwenye bustani inayoteremka taratibu, kama ile ya baba, maji yakishuka kiasi hicho yanaacha kiwanja kizima.

Na watu waliyafuata maji. Nilimwona mmoja kwa macho yangu, mwaka uleule wa ukame: nguzo za ukuta zilisogezwa chini, mwezi hadi mwezi, zikilifuata ziwa linalorudi nyuma. Ukimwuliza mwenye kiwanja, yupo mita 60. Kapima kutoka kwenye maji ya 2006! Mwaka 2020 ziwa liliporudi kuchukua chake, ukuta uleule ulisimama ndani ya maji, mawimbi yakaula msingi, kisha vifusi vya malori vikamwagwa mbele yake kuulinda. Vifusi hivyo sasa vimeota majani na vinaonekana kama nchi kavu ya tangu enzi.

Nilikwenda kuuliza kwenye ofisi moja, nisiyoitaja kwa sababu kijana aliyenihudumia hakuwa na kosa. Nikasema nataka kuona mchoro unaoonyesha mstari wa mita 60 kwenye rasi ile. Akaniuliza nina hati ya kiwanja kipi. Nikamwambia sina kiwanja, nina swali. Akanieleza kwa upole kwamba mchoro hutolewa kwa mwenye kiwanja. Yaani anayeruhusiwa kuuona mpaka wa ufukwe wa wote ni yule aliyepakana nao. Nikatoka nikicheka peke yangu kwenye ngazi.

Mngeweza kuniambia haya ni ya kumbukumbu na hisia tu, mzee amelikosa jiwe la mama yake. Sawa, tuliache jiwe. Tuongee maji.

Mji huu unakunywa Capri Point. Chanzo kikuu cha maji ya bomba ya Mwanza kiko palepale kwenye rasi, na uwezo wake ni lita milioni 90 kwa siku. Kile cha Butimba kilichojengwa miaka hii, ambacho tunakishukuru kwa dhati, kina uwezo wa lita milioni 48. Piga hesabu ujue ndoo ya mama lishe wa Mabatini imetoka wapi. Imetoka chini ya kuta zile. Kila shimo la majitaka lililochimbwa hatua ishirini kutoka ufukweni, kila bwawa la kuogelea linalomwaga dawa yake ziwani, kila bustani inayomwagiwa mbolea ili majani yawe ya kijani hata Agosti, ni jirani wa bomba la mji mzima. Mita 60 ziliwekwa ili udongo na majani ya ufukweni viyachuje maji kabla hayajafika ziwani. Ukizijengea zege, kazi yote inabaki kwa mtambo na dawa, na gharama inakuja kwenye ankara zetu.

Najua jibu, nimelisikia hata kwenye daladala: Igogo mnachafua zaidi. Ni kweli, tunachafua. Mvua ikinyesha, vilima vyetu hushusha kila kitu kwenye mitaro, na Mto Mirongo hubeba ya katikati ya mji mpaka ziwani. Lakini kwetu mmekuja mkafanya kazi. Mabomba membamba ya majitaka yalipoletwa kwenye vilima hivi, mawe hayakuruhusu kupita barabarani, kwa hiyo mabomba yakapita uani kwa watu, chini ya madirisha, mengine mlangoni kabisa. Tuliruhusu. Bomba la choo cha jirani linapita kwangu, na sikuomba fidia ya harufu. Na pale tulipojenga kwenye hifadhi ya barabara au bonde la mto, mlituchorea X nyekundu ya kubomolewa, tunaijua rangi yake na tunajua inavyoandikwa kwa haraka. Capri Point nimetembea tangu utoto, sijawahi kuiona X kwenye ukuta wa ziwani hata mmoja.

Siwaombi mbomoe nyumba. Baadhi zilijengwa miaka mingi kabla ya sheria ya 2004, kwa vibali vya wakati wao, na kumbomolea mtu nyumba ya namna hiyo ni dhuluma, hata kama ana magari matatu. Ninachoomba kinaweza kufanywa bila greda.

Pimeni mstari. Upimeni kutoka pale maji yalipowahi kufika juu kabisa, maana ziwa limeshatuonyesha linafika wapi, na wekeni bikoni, yaani alama za mpaka, ambazo mtu akipita na mtumbwi anaziona. Bandikeni mchoro kwenye ubao wa ofisi ya mtaa, pale penye matangazo ya chanjo, ausome kila mtu, mwenye hati na asiye na hati. Zile kuta na vifusi vilivyoshuka kulifuata ziwa wakati wa ukame vina waliovijenga, na picha za setilaiti za miaka ile zipo. Hao waelezwe warudi mpaka kwenye hati zao. Hati yenyewe, tukumbushane, ni haki ya kukaa kwenye ardhi ya umma kwa miaka iliyoandikwa na kwa masharti yaliyoandikwa. Rais ndiye mdhamini wa ardhi yote ya nchi hii kwa niaba yetu, na maji nayo ni hivyohivyo. Na kuhusu majitaka, tuelezwe tu: ni nyumba na hoteli ngapi kwenye rasi zimeunganishwa na mtandao, ngapi zina mashimo, na mashimo hayo yalikaguliwa lini mara ya mwisho.

Ombi la mwisho linanigusa mwenyewe. Fungueni njia moja ya miguu kufika majini. Haina haja ya kuizunguka rasi yote, wala sitaki iwe ya mabanda ya chipsi na spika, kelele tunazo za kutosha. Upana wa watu wawili kupishana, kivuli cha miti, na mahali pa kukaa. Leo mtoto wa Mwanza ambaye mzazi wake hana kiingilio cha hoteli analijua ziwa kwa kuliona kutoka kivuko cha Kamanga au kutoka juu ya jiwe la nyumbani kwao. Tunaitwa mji wa ziwa, na watoto wetu wengi hawajawahi kuligusa isipokuwa kwenye mwalo, katikati ya magunia ya dagaa.

Wenye nyumba watahofia wezi. Hofu hiyo naielewa, na sitaki kuibeza, ila mjue kwamba katika miaka yote wavuvi walipokuwa wakipita nyuma ya nyumba yetu, baba hakupoteza hata jembe. Wizi aliouona ulikuwa wa mlango wa mbele. Njia inayopitwa na watu mchana kutwa ina macho mengi kuliko ukuta wenye vipande vya chupa juu, ambao mwizi akishaupanda unamficha. Wekeni geti linalofungwa jua likizama, wekeni mlinzi wa mtaa, sisi wa Igogo tuko tayari kuchangia zamu.

Maofisa wapimaji wakishapanga siku, mimi nitakuja. Sitahitaji usafiri wala posho, nitashuka kwa miguu. Nitawasubiri saa moja asubuhi pale watu wanapopandia boti za Saanane, nanyi mje na mkanda wenu wa kupimia. Mawe ya ufukwe ule nayajua kwa majina tuliyoyapa tukiwa watoto, na nawajua waliopita hapo ambao bado wako hai. Lile bapa la mama, kama ukuta ule haujalifunika kwa zege, lina alama mbili pembeni, alizochonga baba kwa patasi: moja ya mahali maji yalipofika wakati wa mvua ya Uhuru, na nyingine aliichonga mwaka niliozaliwa, chini yake kidogo. Mtaanzia kupima hapo.

Ndimi,
mkazi wa Igogo, mzaliwa wa Capri Point